Filimbi Niliyoileta Sokoni

Filimbi ilikuwa wazo langu, na kwa miezi mingi nililionea fahari.

Nilizaliwa kambini. Baba yangu alikuwa askari wa kuhamishwahamishwa. Mama alifunga sufuria zake na kumfuata, nami nikakijua Kiswahili kabla ya lugha ya babu zangu, kwa sababu kambini watu wametoka pembe zote za Uganda na hiyo ndiyo lugha wanayogawana. Huko pia niliona mtu mmoja akipuliza filimbi mara moja na watu mia wakasimama uwanjani bila kuulizana. Shule niliiacha darasa la sita. Haukuwa umaskini peke yake. Nilichoka kukaa mahali pamoja huku barabara ikipita nje ya dirisha. Tangu hapo nimekausha samaki kwa moshi kule Hamukungu, nimefua mashuka ya watalii Mweya mpaka vidole vikachubuka, nimepikia chai madereva wa malori mjini Kasese. Kila mahali niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka, kisha nikaondoka.

Bwera nilifika na katoni moja ya sabuni na nia ya kukaa wiki mbili. Nikakaa miaka minne.

Mstari wetu wa biashara ulikuwa upande wa soko unaoelekea mpaka wa Mpondwe, ambako akina mama wa Kongo huingilia asubuhi na mafuta ya mawese na vitenge. Mwenyekiti wetu alikuwa muuza vitunguu, mzee wa kanisa kutoka vilimani, mtu mpole asiye na haraka na lolote. Alinifanya mwandishi wa mstari kwa sababu mbili, na zote alinitajia usoni: naandika upesi, na mimi si ndugu ya mtu yeyote pale.

Kabla yangu, mikutano iliitwa kwa miguu. Mwenyekiti aliacha vitunguu vyake akapita meza kwa meza, akiwasalimu kwa wabukire ya kwao vilimani, akiuliza habari za kikohozi na za mtoto aliyekwenda sekondari. Akifika meza ya mwisho, wa meza za kwanza walikuwa wamengoja hadi wakarudi kuuza. Mkutano wa saa tatu ulianza saa tano. Mimi kitu kama hicho kinaniwasha mwili. Nikanunua filimbi, nikamweleza jinsi kambini inavyofanya kazi, na siku ya kwanza nilipoipuliza watu wote walikuwa nyuma ya ghala kabla muuza ndizi hajamaliza kufunika mkungu wake. Mwenyekiti alicheka hadi akashika mbavu. Akasema huyu mtoto wa afande atatufundisha gwaride uzeeni. Simu tusingeweza kuzitegemea. Nusu yetu hatukuwa nazo, na wengine waliokuwa nazo hawakusoma ujumbe. Filimbi ilitutosha, na ikawa kazi yangu.

Kisha ikaja habari ya paa. Mstari wetu ungejengewa paa la mabati juu ya nguzo za chuma, na nafasi zingegawanywa upya. Zisingetutosha sote. Mkutano ukapitisha sheria: asiyehudhuria mikutano mitatu mfululizo, wala hakutuma neno, hatapata nafasi chini ya paa. Atahamia nyuma, mahali malori yanapogeuzia. Tuliinua mikono wote. Ilionekana haki tupu. Anayetaka paa na aje tulijadili.

Mwisho wa mstari alikaa mshonaji wetu. Hakuwa anasikia tangu utotoni, baada ya kuugua. Alishona sare za shule na gomesi, magauni ya heshima ya akina mama, na mabega ya gomesi zake yalisimama kama yametiwa mbao. Tulipatana sana. Kila asubuhi nilipita mezani kwake na kumsalimu kwa mkono kifuani, naye akanikejeli nywele zangu kwa uso tu, bila sauti. Alikuwa na ishara yake ya kunitaja: vidole viwili vikitembea hewani, yaani yule asiyetulia. Mtu asiniambie sikumjua.

Na bado, mikutanoni, nilipofika jina lake kwenye orodha, niliandika: hakuja. Mkutano wa pili: hakuja. Wa tatu: hakuja. Mwandiko wangu ni mzuri, yalisomeka vizuri.

Paa lilipokwisha kujengwa na orodha ya watakaokaa chini yake ilipokuwa tayari, mwenyekiti alialikwa kwenye mafunzo ya viongozi wa masoko, siku tatu, katika ukumbi wa kanisa mtaani Nyamwamba, mjini Kasese. Kifua kilimbana, akanituma mimi. Nilikwenda kwa mbwembwe. Nilikuwa na daftari jipya na nilidhani nitawafundisha wengine habari ya filimbi.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na sikumwona akitufundisha kitu siku nzima ya kwanza; aliuliza tu, kama mimi. Siku ya pili alitupa karatasi kubwa, akasema kila mtu achore soko lake na meza zote. Mimi nilichora hadi mbwa. Halafu akasema, chini ya kila meza andika mwenye meza anavyopata habari kwamba kuna mkutano. Nikaanza kuandika haraka: filimbi, filimbi, filimbi. Nikashuka na mstari hadi mwisho, nikafika kwenye cherehani niliyokuwa nimeichora vizuri kuliko vyote, na gurudumu lake, na kalamu ikasimama.

Muuza samaki aliyekaa kando yangu aliniuliza kama wino umekwisha. Nikamwambia hapana.

Jioni ile sikula. Nilikuwa nikijaribu kukumbuka mara hata moja nilipokwenda kumgusa bega baada ya kupuliza. Sikuipata. Lakini nilimkumbuka mwenyekiti, enzi za miguu, akifika meza ile ya mwisho na kugonga mbao mara mbili kwa kidole ili mshonaji ainue macho. Yule mzee mwenye kuchelewesha mikutano hakuwa ameacha mtu hata mmoja. Mimi mwenye haraka ndiye niliyemwacha.

Niliporudi Bwera sikupita kwanza kwa mwenyekiti. Nilikwenda kwa mshonaji, nikamchukua na mama mmoja wa Kongo, muuza mawese, aliyekaa meza ya jirani na kuelewa mikono yake kuliko sisi wote. Nikaeleza paa, orodha, mikutano mitatu. Mshonaji aliangalia vidole vyangu vitatu kwa muda mrefu. Kisha akaanza kujibu, polepole, na muuza mawese akitafsiri bila kuniangalia.

“Anasema aliwaona mukienda. Kila mara aliwaona. Anasema muzee aliacha kumugongea meza, basi yeye akafikiri hamumutaki tena.”

Alikuwa amekaa miezi yote ile akishona, akituona tunainuka na kwenda nyuma ya ghala bila yeye, na kila asubuhi bado ananitania nywele zangu.

Akaniuliza jambo moja: mvua. Alionyesha juu, akaonyesha malori, kisha akaweka kiganja juu ya cherehani. Pale Bwera, mvua ya mlimani ikianza haimngoji mtu. Nguo ya mteja ikilowa matope mara moja, mteja harudi. Chuma cha cherehani kikishika kutu, hakuna nguo tena. Hakuwa na kazi nyingine, na nyumbani walikuwapo watu watatu waliokula kutokana na ule mguu wake unaokanyaga.

Mwenyekiti nilimkuta akichambua vitunguu vilivyooza. Nilimweleza yote, na sikujificha popote. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema orodha imeshasomwa mbele ya watu, na ukimfungulia mmoja mlango, kesho watakuja wote na sababu zao: huyu alikuwa na mgonjwa, huyu alikuwa mpakani. Nikamwambia wale waliitwa wakakataa kuja. Yeye hakuitwa.

“Ona sasa,” akasema. “Wewe ulileta filimbi. Wewe uliandika kitabu. Sasa wewe tena iko nalia kwa meza yangu.”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi ita mkutano. Lakini kwa miguu. Meza moja mpaka ya mwisho, na usiruke mtu.”

Nilipita. Ilinichukua asubuhi nzima, na nilijifunza zaidi ya nilivyojifunza mwaka mzima: nani amefiwa, nani anaugua mgongo, nani hajui kwamba yeye ni mwanachama. Akina mama wawili wa Kongo waliniambia hawakuwahi kuelewa filimbi ile ni ya nini. Walidhani ni ya polisi, wakawa wanaficha mizigo kila inapolia. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Mkutano uliofuata ulikuwa mkubwa kuliko yote. Nilisimama nikafungua daftari, nikasoma yale maneno matatu niliyoandika, kisha nikasema ni uongo, na mwongo ni mimi. Sioni haya kusema mbele za watu. Ndicho kipaji nilichopewa badala ya subira. Lakini muuza mitumba, aliyekuwa amepewa nafasi iliyobaki baada ya mshonaji kuondolewa, hakuwa tayari kuiachia kwa hotuba.

“Mimi pia nilikosa mara mbili,” akasema. “Malaria ilinibeba. Nikatuma mutu aseme. Huyu hana mikono ya kutuma?”

“Mikono iko nayo,” muuza mawese akamjibu. “Wewe ndiye hauna macho.”

Watu walicheka, hata yeye mwenyewe akacheka kidogo, na kutoka hapo mambo yakalainika. Mwenyekiti akasema meza zikisogezwa upana wa mkono mmoja mmoja, hakuna atakayetoka. Tukaenda chini ya paa, tukapima kwa tepi ya mshonaji mwenyewe. Ikatosha. Mikono ikainuliwa, na safari hii nilihakikisha anaiona.

Hapo mwenyekiti akapandwa na ukarimu. Alitangaza kwamba kwa kuwa tumemkosea, atapewa nafasi ya katikati kabisa, chini ya paa palipo pana, mvua isikofika hata ikija na upepo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Nilijiona kiongozi kamili, na mafunzo yangu yamezaa.

Mshonaji alikwenda akasimama pale katikati. Akakaa juu ya ndoo kama anayeshona, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia. Akainuka akatikisa kichwa.

Tulidhani hakuelewa. Mwenyekiti akamwonyesha tena paa, kavu, zuri. Akatikisa kichwa tena. Akaondoka, akapita mbele yetu sote hadi mwanzo wa mstari, kwenye kona yenye nguzo mbili, akaegemeza mgongo kwenye nguzo. Akaonyesha njia ya Mpondwe. Akaonyesha njia ya mjini. Kisha akaonyesha macho yake.

Muuza mawese hakuhitaji kutafsiri. Katikati watu wangemjia kwa nyuma na kumwita, naye asijue. Wangemngoja kidogo, wangeondoka wakisema ana kiburi. Pale konani angemwona kila mtu kabla hajafika. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemuuliza anataka kukaa wapi, wala mimi niliyetoka kusomea mambo hayo siku tatu.

Hapo jambo likanihusu mimi. Ile kona ilikuwa yangu. Nilikuwa nimepewa kama zawadi ya uandishi, na katoni zangu zilikuwa zimeshapangwa pale. Kona huuza sabuni kuliko mahali popote. Anayeingia anaiona, anayetoka anaikumbuka. Watu wote walinitazama. Muuza mitumba alikunja mikono akangoja kwa raha.

Nitasema ukweli, nilitafuta sababu. Nilifikiria kusema nguzo ile ina kutu, au jua la saa tisa linapiga machoni. Nilifikiria hata kusema tupige kura, kwa maana nilijua ningeshinda. Mshonaji hakunitazama kwa kuomba. Alikuwa anapima tu kwa macho kama cherehani itaingia.

“Mwandishi,” mwenyekiti akasema, “andika.”

Nikaandika kona ni ya mshonaji, nikafunga daftari, nikaenda kubeba katoni zangu. Muuza mitumba alikuja kunisaidia bila kuombwa, akisema kwa sauti ya kusikika kwamba sasa tutakuwa majirani huko mwisho wa mstari, nami nitauza kwa wale wanaopotea njia tu. Nikamwambia wanaopotea njia ndio wachafu zaidi, watanunua.

Kabla sijahamisha katoni ya mwisho, cherehani ilikuwa imeshawekwa. Alikaa, akavuta kitambaa cha sare aliyokuwa hajaimaliza, mguu ukaanza kukanyaga. Nilikuwa nimeinama na sabuni mikononi nilipoona ameinua mkono juu. Niligeuka kutafuta anamwita nani. Mbali kwenye njia ya Mpondwe, mwanamke aliyebeba kitenge kilichokunjwa begani alikuwa naye ameinua wake.