Orodha Inayosomwa Kutoka Chini

Saa kumi na moja kasoro alfajiri taa ya chumbani kwa Kitinda ilikuwa bado inawaka. Mama yake, aliyejilaza sebuleni bila kupata hata lepe la usingizi, alikuwa ameshainuka mara nne kwenda kunywa maji asiyoyataka. Wote wawili walikuwa wanangoja neno la mtu wasiyemjua hata sura.

Mtu huyo walimwita Mkaguzi. Aliishi mbali, kwenye nchi ambayo usiku wa huku ni mchana wa kwake, na alipitia maelezo ya vifaa vya kompyuta kabla hayajakubaliwa. Kitinda, binti wa mwisho, alikuwa ameandika maelezo ya chipu mpya ya kuchora picha kwenye skrini: inakaa wapi, inaamshwa kwa waya upi, inaendeshwa na mapigo yapi. Bila maelezo hayo, programu ya kuiendesha chipu, yaani draiva, ni sawa na fundi aliyeingia gizani kwenye nyumba ya watu. Mkaguzi akiridhika huweka jina lake chini. Alikuwa ameshayarudisha mara nne. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea. Ikipita, ni kungoja wiki tisa, na Kitinda alikuwa kazini kwa majaribio yanayokwisha mwisho wa mwezi. Bosi wake alishasema: hakuna jina la Mkaguzi, hakuna ajira.

"Amejibu," sauti ya Kitinda ilitoka chumbani.

Mama alifika kabla neno halijapoa. "Anasemaje?"

"Yale yale. Anauliza kama mpangilio wa saa nimeutoa kwenye kitabu cha kiwanda au nimeuota." Saa ndilo jina yanaloitwa yale mapigo, nazo zilikuwa tatu. "Nimemwambia mara tatu uko sawa. Mbishi huyu mtu."

"Na wewe je?"

"Mama."

"Nauliza tu."

"Mwulizeni kama ana mke," Baba alidakia kutoka kitandani kwake. "Mwenye mke hapati muda wa kusumbua watoto wa watu hivi."



Mama aliacha shule mapema. Miaka kumi na tisa sasa alikuwa akipokea mashuka ya hospitali kutoka kwa dobi, na jambo moja alilijua vizuri: macho yaliyozoea orodha huona kinachotakiwa kuwepo, si kilichopo. Ndiyo maana stoo kwao orodha husomwa na watu wawili, kutoka chini kwenda juu, na hakuna ruhusa ya kuchungulia karatasi ya mwenzako.

"Nipe hicho kitabu cha kiwanda," alisema. "Wewe shika maelezo yako. Tunaanzia chini."

"Kimeandikwa Kiingereza, Mama."

"Herufi nazijua. Sikuja kuelewa, nimekuja kusoma."

Kitinda alicheka kwa uchovu, akamsogezea kiti. Wakaanza. Kidole cha Mama kilitembea juu ya mistari, namba moja moja, herufi moja moja. Nyaya za kuamsha, sawa. Wakafika kwenye saa.

"Ya tatu," Mama alisoma. "B, u, s."

Kitinda alisimamisha kidole kwenye mstari wake.

"Umelala?"

"Rudia, Mama."

"B, u, s. Ya pili, m, e, m."

"Kwangu ya pili ndiyo b, u, s." Kitinda aliuweka mkono mdomoni. Mpangilio ule aliunakili kutoka kwenye chipu ya zamani, na tangu siku ile kila alipohakiki alikuwa anajisomea kilichomo kichwani. Kumbe ndiyo sababu picha zilikuwa zinaganda kwenye majaribio, na wenzake kazini wakasingizia joto. "Nimembishia mara tatu, na mazungumzo yetu yako mtandaoni, yanasomwa na kila mtu. Nitasema nini?"

"Sema ulikosea. Halafu mwonyeshe ukurasa."

"Wataniona mjinga."

"Mimi niliwahi kusaini mashuka mia mbili, kumbe yako mia moja na sitini. Nilimfuata matroni kwa miguu yangu. Alinisema mpaka nikalowa jasho, na kesho yake nikaenda kazini." Mama alisogeza kiti karibu zaidi. "Andika. Sibanduki hapa."

Kitinda alirekebisha mistari miwili, akakumbuka kwamba hata mfano ulioko mwishoni umebeba kosa lile lile, akaurekebisha nao. Akaiwasha chipu. Picha ilizunguka nusu saa nzima bila kuganda. Kulipopambazuka alituma, na juu kabisa akaandika: Ulikuwa sahihi, mimi nilinakili bila kutazama. Kisha akaomba aachwe peke yake, akafunga mlango.

Mama alivaa sare yake. Alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga upya. Basi la saa moja likapita.

"Utachelewa," Baba alisema, mswaki mdomoni.

"Acha nichelewe."

"Umesimama hapo kama askari wa zamu."

"Wewe endelea kusugua meno."

Ndani kiti kilisogea. Zikasikika hatua mbili. Mama aliinua mkono agonge, akaushusha. Kitasa kikazunguka.

"Ameweka jina," Kitinda alisema mlangoni, macho mekundu, akampita mama yake kwenda kutafuta viatu vya kazini.