Shangazi Alisema Maji Yanatosha

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, wetu alikuja: mtafiti wa mambo ya jamii kutoka Nairobi, na mimi mkalimani wake, mpaka maskani ya shangazi yangu huko nyuma ya Bura. Alitumwa aangalie malori ya maji yapelekwe wapi. Silanga, lile bwawa la kukinga mvua, lilikuwa limekauka hadi udongo kupasuka, na mbuzi wa shangazi walisimama kwa taabu.

Tukapewa chai. Nilijua maji yale ndiyo yaliyobaki, nikanywa kwa aibu. Mtafiti akauliza, "Maji mnayopata yanatosha?"

"Alhamdulillahi, yanatosha," shangazi akajibu.

Kwetu mgeni hatangaziwi dhiki. Kumlalamikia ni kumshtaki Mungu mbele ya watu. Msomali yeyote angejua kwamba shangazi ameshukuru tu, hajatoa habari. Nikamweleza mtafiti hivyo.

"Hayo ni maoni yako," akasema. "Mimi nataka ukweli kutoka kwa mhusika mwenyewe."

Lo! Shukrani ya mama mzee ndiyo ukweli, na silanga kavu ninalomwonyesha kwa kidole ndiyo maoni! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nikamgeukia shangazi kwa Kisomali. "Eeddo, nakusihi, mwambie hakuna maji."

Akanitazama kama nimemvua ushungi hadharani. "Unataka nimkufuru Mola kwa ajili ya lori?"

Nikatafsiri na hilo, neno kwa neno. Mtafiti akatikisa kichwa kwa heshima, akasema watu hawa wana subira ya ajabu.

Subira hiyo aliiandika. Ripoti ilisema wenyeji wa pale ni wastahimilivu na wameridhika na maji yao, basi malori yakapelekwa kwingine. Nilipiga simu, nikaenda ofisini mwenyewe, nikapandisha sauti. Nikaambiwa, bwana, utafiti umeshafanyika, wewe ni jamaa yao, lazima utawatetea.

Mbuzi waliisha wote. Sasa shangazi anaishi kwangu, Garissa mjini, na sioni atarudi wapi. Kila alfajiri akishaswali hutoka uani, akasimama langoni, akaanza kuwaita mbuzi wake mmoja mmoja. Mke wangu ndiye humshika mkono akamrudisha ndani. Mimi hubaki kitandani, nimefumba macho, najifanya nimelala.