Siku Baba Alipopona Mbele ya Daktari

Baba yangu alikuwa kiongozi wa ngoma pale Lalago, na mkono wake ulipoanza kutetemeka kijiji kizima kilishajua nani kamroga: wapinzani wake wa ngoma, nani mwingine? Eti wameshindwa uwanjani, wamekimbilia kwa mganga. Miaka hiyo soko huria la pamba ndiyo kwanza limefunguliwa, kila gari geni tulidhani ni la mnunuzi. Basi likaja moja lisilotaka pamba. Lilitaka watu wanaotetemeka.

Kumbe ugonjwa wenyewe una jina, Parkinson, na huko ng'ambo kuna watu wametoa fedha ufanyiwe utafiti. Mgonjwa atakayekubaliwa atapewa vidonge bure. Mama alisali mpaka magoti yakamuuma, maana baba alikuwa hawezi tena kufunga vifungo vya shati wala kunyanyuka kitini bila kushikwa. Mtu mzima yule, jamani! Nilimwonea huruma hadi nikawa nakasirika.

Siku ya kupimwa, wenzake wa ngoma wakasema mgeni hapokelewi kimya kimya, sisi si wachoyo. Daktari, kijana mwenye miwani kutoka mjini, hajamaliza hata kutuamkia "Mwangaluka", ngoma zikalia. Weee! Baba akanyanyuka. Mwenyewe! Akashika jembe lake la kuchezea ngoma, akalizungusha, mguu unafuata mguu. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga kuliko wote.

Daktari akacheka, akafunga begi. "Mama, huyu mzee ananishinda hata mimi. Mimi natafuta wagonjwa."

Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti mbele ya wageni. Siku hiyo alipaza. "Nyamazeni! Mnaniulia mume!"

Ngoma zikakatika. Baba akabaki mguu mmoja mbele, hauendi wala haurudi, jembe likamdondoka. Akatuangalia. Hakuna aliyethubutu kucheka. Daktari akamshika, akamkalisha, akafungua begi upya, akakaa naye mpaka jua likageuka. Alitueleza kwamba mdundo unaweza kumpa mgonjwa wa namna hii miguu kwa muda, ukikoma naye anakwama.

Vidonge akapewa. Misimu miwili ya pamba baba alifunga vifungo mwenyewe, akala ugali bila kumwaga mchuzi, hata ubishi wake wa zamani ukarudi. Tulifurahi mno, tukasahau kuwa cha mtu ni cha mtu.

Siku moja yule daktari akaja kwa basi, hana gari wala begi. Mama akamletea kiti, akakataa kukaa.

"Mzee, fedha za utafiti zimekwisha. Wafadhili wamesema wamemaliza, wamefunga mradi. Vidonge havitakuja tena."

Baba akamsikiliza vizuri, mikono ameilaza magotini, imetulia.

"Wameshapata dawa ya kuuponya huu ugonjwa?"

"Bado, mzee."

"Sasa wamemaliza nini?"