Vidole Visivyosikia Moto

Wakati ule wa vita, barabara ya kutoka Butembo kwenda Beni ilikuwa na vizuizi vya askari, na katika kila kizuizi nilikuwa na jibu tayari kwa swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Ndivyo nilivyo. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina diploma ya kilimo na sina kazi, ndipo shingo ikavimba, na daktari mmoja huko Beni akasema ni saratani ya tezi za limfu. Alisema pia kwamba inatibika. Neno hilo la pili nililikagua kila asubuhi, nikitafuta mahali lilipopasuka.

Dawa zilitoka Kampala, zikipita Kasindi siku ambazo mpaka ulikuwa wazi. Kila baada ya majuma matatu nilikwenda Beni kutundikiwa dawa mshipani. Moja ilikuwa nyekundu, na mkojo nao ukawa mwekundu. Kichefuchefu nilikizoea. Nywele zilipodondoka nilifunga kitambaa. Lakini baada ya mara ya tatu vidole vikaanza kufa ganzi, na hilo sikumwambia mtu.

Sababu nilikuwa nayo. Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee wa Mbau, ambaye alilalamika kwamba nyayo zake hazisikii ardhi. Safari iliyofuata nilikuta kitanda kitupu. Nikaunganisha mambo: anayelalamika huondolewa dawa, na anayeondolewa dawa hufa. Kwa hiyo daktari alipouliza kama nina shida yoyote, nilisema sina, huku mikono nimeificha ndani ya kitenge.

Jumapili moja baada ya misa, nyumbani Butembo, mama aliweka fufu, ugali wetu wa muhogo, katikati yetu ikifuka mvuke. Wote walingoja ipoe. Mimi nilikuwa nikiwaza safari ya kesho yake, nikamega tonge kubwa, nikalifinyanga polepole, nikachovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Shangazi yangu akacheka. "Muangalie huyu. Jana alikataa hata chai, leo anashinda moto. Mwenye atamuoa, atanunua unga mara ngapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Mama hakucheka. Alinishika mkono, akaugeuza. Ncha za vidole vitatu zilikuwa zimeanza kuota malengelenge.

"Ulisikia moto?"

"Kidogo, mama."

"Usinidanganye. Tangu siku gani?"

Kesho yake tulikwenda Beni wote wawili. Njia nzima nilimsihi asiseme. Alinijibu kwa kunimenyea ndizi. Daktari wetu alikuwa mtu wa Kisangani aliyetumwa huku kabla ya vita. Mama hakungoja hata kuketi.

"Dokta, huyu mutoto anashika fufu ya moto na hasikie kitu. Na alikuficha."

Daktari akavua koti lake jeupe, akanivika, akaniambia nilifunge. Kifungo cha kwanza kiliniteleza mara tatu. Cha pili nilikiacha.

"Lakini juu ya nini haukusema?"

Nikamweleza habari za mzee wa Mbau.

"Ule muzee? Alimalizaka dawa. Iko kwake, analima. Juzi alinitumia muchele."

"Université yote ile," mama akasema, akiutazama ukuta.

Daktari akaeleza kwamba ni dawa moja tu, wala si ile nyekundu, inayoumiza mishipa ya fahamu. Angeiondoa, nyingine zingeendelea. Vidole vingechelewa kupona, lakini alitegemea vipone. Nikamuuliza kama zilizobaki zitatosha, kisha nikauliza tena kwa maneno mengine.

"Gusa shingo," akasema.

Nikagusa. Kwa vidole vile sikuweza kujua nilichogusa, na nikamwambia hivyo. Mara hii nilisema kweli.

"Basi mama, gusa weye."

Mama alinipapasa upande wa kulia, ambako uvimbe ulikuwa mkubwa kama yai la kuku. Akapapasa tena, akahamia kushoto, akarudi.

"Iko wapi, dokta?"

"Ndiyo mambo nilikuwa nataka umuambie."

Mama aliendelea kutafuta, kwa kuwa naye ndivyo alivyo. Muuguzi akaja kunitundikia dawa, safari hii bila ile moja, na daktari akaelekea mlangoni. Nikamwita. Nikamwambia kwamba mdomoni nina vidonda, tangu mwezi uliopita.

Akarudi, akavuta kiti.

"Sema yote," akasema. "Polepole. Niko naandika."