Shingo ya Aniello na Bima ya Gari Langu

Tarehe nane Mei mwaka jana, saa tano na nusu asubuhi, nilimvunja mtu shingo.

Dakika hiyohiyo nilikuwa nimepiga magoti uwanjani mbele ya kanisa la Pompei, rozari mkononi, katikati ya umati wa watu.

Usiniulize niliwezaje. Mimi mwenyewe nilipata habari zangu miezi kumi baadaye, nilipokwenda kutafuta bima ya gari.

Naitwa Titina. Nina miaka sabini na minne, shule niliishia darasa la tano, na naishi mji wa Acerra katika nyumba niliyoolewa. Gari langu ni Panda ya kijivu. Naliendesha mwenyewe, sokoni, makaburini, kanisani.

Kitendawili: nina mbwa namlisha mwaka mzima, na kila siku namwomba Mungu asibweke.

Ni bima. Unalipa, unalipa, na furaha yako ni isitumike.

Marehemu mume wangu na mimi tulilipa hivyo miaka thelathini na moja, bila kumkwaruza hata paka. Ndiyo maana tulikuwa daraja la kwanza, lile la bei ya chini kabisa.

Huku kwetu daraja la kwanza la bima ni mali ya ukoo. Sheria inamruhusu mtu anayeishi nawe nyumba moja alichukue kwa gari lake. Nimeona familia zikiligombania kuliko shamba.

Langu nilikuwa nimemwekea mjukuu wangu Ornella.

Ornella ana miaka ishirini na mitatu. Mama yake alifariki, na baba yake, mwanangu Sabatino, alihamia kwa mwanamke mwingine ng'ambo ya reli, akaniachia mtoto. Nimemlea tangu ana miaka saba.

Basi mwezi wa tatu akapata kazi. Kiwanda cha biskuti, mji wa Nola, mkataba wa kudumu. Mwenye kuishi huku anajua neno "kudumu" lina uzito gani. Ila zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri, na saa hizo hakuna basi wala treni.

Akanunua kigari cha zamani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Kilichobaki ni bima, na tulikuwa na siku kumi kabla ya kazi kuanza.

Kwa daraja langu, angeweza kulipa. Kwa daraja la mtu mgeni barabarani, bima ingekuwa ghali kuliko gari lenyewe.

Wiki hiyohiyo bima yangu nayo ilikuwa inaisha. Barua ya kuihuisha ikaja. Nikaisoma mara mbili, nikafuta miwani, nikaisoma tena.

Bei ilikuwa imeruka ukuta.

Nikasema hawa wamekosea, nitazunguka kwingine. Duniani hakuna duka moja.

Ofisi ya kwanza, kijana mmoja wa nywele za mafuta akanipa peremende, akaniita mrembo, akaingiza namba za gari kwenye kompyuta. Tabasamu likamtoka usoni kama taa iliyozimwa. Akataja bei. Peremende nikaitema kwenye leso.

Ya pili, mama mmoja hakunikaribisha hata kiti. Alinung'unika kwamba watu wa Acerra wote ni walewale. Sikumwelewa. Nilidhani ni dharau za kawaida.

Ornella akatafuta kwenye simu, kampuni kumi na nane kwa mpigo. Kila moja ilikuwa mbaya kuliko mwenzake.

Kisha akapiga simu bwana mmoja mwenye sauti ya asali. Bei yake ya kutupa. Alitaka tu tumtumie pesa kwenye kadi yake binafsi kabla ya saa sita. Ornella akamuuliza ofisi yake iko mtaa gani. Simu ikakatika.

Nikarudi kwa wakala wangu wa siku zote, Bi Loredana. Yeye walau ananijua.

Hakuniangalia. Alikuwa anapanga kalamu zake.

"Mama Titina, wewe si daraja la kwanza tena. Una ajali."

Nikamwambia mimi sina ajali, nina presha.

"Iko hapa. Mwezi wa tano mwaka jana. Ulimgonga mtu kwa nyuma, akaumia shingo. Kampuni imeshamlipa."

Nikaomba karatasi. Akanichapia nakala ya ile fomu ya buluu, ambayo madereva wawili wakigongana wanaijaza na kusaini pamoja, wanamalizana bila polisi.

Namba za gari, zangu. Mwenye gari, mimi. Mahali, Acerra, nyuma ya stesheni. Tarehe nane Mei.

Aliyegongwa: Aniello.



Aniello ni fundi bodi, ana gereji yake nyuma ya stesheni. Lakini zaidi ya hapo ni baba wa ubatizo wa Sabatino. Alimshika kichwa mwanangu juu ya maji. Kwetu huyo si rafiki, ni ndugu.

Na mwezi wa tano mwaka jana nilimwona na kola ya shingo. Aliniambia ameteleza bafuni.

Nilimhurumia. Siku tisa nilimpelekea supu ya kuku, na zile tambi ndogondogo ndani yake. Nilimpangia mito. Supu ilipokuwa ya moto, niliipuliza kijiko kwa kijiko.

Mtu nilimpulizia supu, naye anahesabu shingo yake italeta kiasi gani.



Halafu Bi Loredana akaweka kidole chini kabisa ya karatasi, taratibu, kama mtu anayegusa kidonda.

Dereva wa gari langu siku hiyo, aliyekiri kosa na kusaini: Sabatino. Mwanangu.

Sikuenda nyumbani. Nilikwenda gereji.

Aniello alikuwa anapiga rangi mlango wa gari. Aliponiona na karatasi hakuruka wala hakukana. Akavua barakoa, akanivutia kiti. Akasema huo ulikuwa mchongo mdogo tu, kila mtu mjini anakula hivyo, kampuni ina maghorofa Milano, na yeye yuko tayari kumpaka Ornella gari lake bure, rangi anayotaka.

"Mama Sabatino," akasema, "hebu niambie, nani kaumia?"

Nikamuuliza kwa nini tarehe nane Mei.

Akajibu kwa fahari ya fundi. Siku hiyo mtaa mzima huwa umekwenda Pompei kusali, hakuna jirani wa kusema hakuona ajali.

"Na mimi nilikwenda Pompei na nini, Aniello? Na ungo?"

Akavaa tena barakoa yake.

Walitafuta siku ambayo watu hawapo, wakasahau kwamba na gari halipo. Kila mwaka nawapeleka wajane watatu wa parokia kwa Panda hiyohiyo. Saa ile ya ajali ilikuwa imeegeshwa Pompei, na sisi tuna picha tumelikalia boneti tunakula mikate.

Wezi, sawa. Lakini wezi wajinga namna hii wananikera mara mbili.

Jioni Sabatino akaja mwenyewe, Aniello keshampigia. Mwanangu ana miaka arobaini na nane, anaendesha basi la shule la manispaa. Aliketi jikoni kwangu, akamega mkate bila kukaribishwa.

Sitaandika yote aliyosema. Alikuwa amekwama, akajiona mjanja, akapigwa na maisha, wimbo wote huo naujua. Nililomuuliza ni moja tu. Je, hakujua daraja lile ni la binti yake?

"Nilijua umezeeka, mama. Nilidhani utaacha kuendesha, litaoza bure."

Ornella alikuwa amesimama mlangoni. Sare ya kiwanda ilikuwa bado kwenye mfuko wake wa nailoni, mezani.

Nikasema kuna njia. Bi Loredana alinieleza: niende polisi niseme ajali ile haikutokea, nilete mashahidi, kampuni ichunguze na kunirudishia daraja langu.

Sabatino akaacha kutafuna. Nikienda polisi, akasema, basi la shule kwaheri. Atashtakiwa. Ni mwanangu wa pekee, nitamtupa kwa ajili ya karatasi?

Wanangu, nilitetereka. Sitawadanganya. Mama ni mama. Tangu akiwa mdogo nimekwenda kuomba msamaha madukani, shuleni, kwa majirani, kwa niaba yake. Miguu yangu ilishazoea njia.

Ornella akasema polepole, "Acha, bibi. Nitatafuta kazi nyingine."

Nilimwangalia Sabatino. Nilingoja aone haya. Nilingoja aseme hapana, binti yangu, kosa ni langu. Hata kama angedanganya, ningemshukuru.

Akashusha pumzi. Akachukua kipande kingine cha mkate.

"Umesikia, mama? Mtoto mwenyewe kakubali."

Basi.

Ni sentensi hiyo, si ile fomu. Wizi ningeufunika. Aibu ningeimeza. Lakini baba kufurahi kwamba mtoto wake amekubali kulipia deni lake, hilo ndilo lililoniamulia.

Nilimwondolea sahani. Nikamwambia amalize mkate wake njiani.

Asubuhi nikaenda polisi na wajane wangu watatu, tumevaa nguo za misa. Nilisaini jina langu lote, na niliporudi nyumbani nililia hadi mchana.

Uchunguzi haukuisha siku kumi. Ulichukua wiki saba. Nililipa bima yangu kwa bei ya mkosaji, na kila siku saa kumi alfajiri niliwasha Panda, nikampeleka Ornella Nola kwa mkono wangu. Yeye alisinzia, mimi nilimtegea vitendawili asichelewe kuamka. Mlinzi wa getini alianza kuniita mama mfanyakazi.

Kisha barua ikaja. Ajali imefutwa. Daraja la kwanza.

Siku hiyohiyo Ornella akakata bima ya kigari chake.

Kesi ya Aniello na Sabatino bado iko mahakamani. Basi la shule linaendeshwa na mtu mwingine. Mwanangu hanisalimii, na watu wengine hapa mtaani wanasema mama gani anampeleka mwanawe polisi.

Nawaambia ukweli: siku zote mama huifunika aibu ya mtoto wake. Nami nimefunika miaka arobaini na nane.

Lakini kabla hujafunika, angalia blanketi unalotumia umemvua nani.