Sauti Kwenye Mkeka wa Mishale

Niliandika neno "marehemu" mbele ya jina la binti wa jirani yangu, kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko ule ule uliowahi kunipatia sifa sekondari, kisha nikazunguka ua wa minyaa na kumpelekea mama yake asaini. Kuna ujinga ambao mtu anaweza kuufuta kwa raba. Huu wangu niliupigia mstari chini.

Tulikuwa tunakaa Pasiansi, na mtaa mzima ulijua kwamba katika nyumba ile neno hilo halitamkwi. Mimi nilijua kuliko wote, maana mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walikwenda mjini, mpirani, kwenye magulio. Mimi nilikuwa na kitanda, redio ya kaseti, na dirisha linalotazama uani kwa mama huyo. Binti yake alikuwa mwimbaji wa bendi. Alipanda boti kwenda visiwani kuimba kwenye harusi, na wakati wa kurudi upepo ukawakuta katikati ya ziwa. Ziwa liliwarudisha wengine, wazima na wafu. Yeye halikumrudisha.

Baada ya msimu mmoja wa mvua, ndugu wa upande wa baba walikuja na shina la mgomba lililofungwa shuka jeupe. Ndivyo wafanyavyo kwao mtu anapopotelea majini: mgomba unazikwa mahali pa mwili, watu wananyoa nywele, msiba unafungwa. Mama akawapikia, wakala, wakanawa. Kisha akawaambia wabebe mgomba wao. "Mimi sikuzaa mgomba," alisema, nami nikiwa nimejibanza nyuma ya pazia kama mwizi wa maneno.

Sasa ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini na kila kitu kilikuwa kinaingia nchini: mitumba, televisheni, soda za makopo, na michezo ya televisheni ya kulipia. Mfanyabiashara mmoja mjini alikuwa na ukumbi wa michezo hiyo. Mpwa wake alikuwa ng'ambo, kwenye kampuni ndogo iliyokuwa inatengeneza mchezo wa muziki. Unatandika mkeka wa plastiki wenye mishale, unauchomeka kwenye mashine, mishale mingine inapanda kwenye kioo ikifuata mapigo ya wimbo, nawe unakanyaga ule unaofanana nao. Kampuni ilitaka nyimbo chache za kwetu huku ziwani, na kila wimbo uje na karatasi ya ruhusa iliyosainiwa na mwenye wimbo au mrithi wake.

Kazi nikapewa mimi. Nilikuwa na kaseti nyingi, nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne, na, kama mfanyabiashara alivyosema mbele za watu, hakuna siku angenikosa nyumbani.

Kuchagua kulinipendeza. Nilitaka mapigo yasiyoyumba, yaani wimbo ambao mpiga ngoma hakulewa kabla haujaisha. Nilijaribia miguu yangu chumbani, nimevaa soksi, nikihesabu mapigo kwa kukanyaga sakafu, hadi jirani mwingine akauliza kupitia dirishani kama nimeingiliwa na siafu.

Kuomba ruhusa ndiko kulikonitoa jasho. Mwalimu wa kwaya alisikiliza maelezo yangu yote, akauliza kama ni kweli watu watakuwa wanakanyaga huku Bwana anasifiwa, akanisindikiza mpaka barabarani. Kiongozi wa kundi la ngoma kule Buswelu alikubali upesi, ila kwanza alitaka kujua kama wapinzani wao nao wamo. Nilipomwambia sijui, akaghairi. Kiongozi wa bendi, aliyekuwa amehamia Mkolani kuuza mbao, alisaini karatasi za nyimbo nyingine bila maneno mengi. Alipoona kichwa cha wimbo niliokuwa nautaka kuliko nyimbo zote, akarudisha kalamu. Ala ni zake, akasema, ila ule binti aliutunga mwenyewe na sauti ni yake. "Huo kamuombe mama yake. Si ni jirani yako?"

Ndiyo. Nilikuwa nimezunguka Mwanza nzima, mimi ambaye hata sokoni natuma mtu, nikikimbia nyumba iliyo hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

"Shikamoo mama," nikasema, nikampa karatasi. Akaitikia marahaba, akafuta mikono kwenye kanga, akasoma. Alisoma polepole, na nikaona macho yake yamefika mahali pale yakasimama.

"Nani kakwambia amekufa?"

Nikajibu kwamba hakuna.

"Wewe ulimwona?"

"Hapana, mama."

"Basi kaandike tena."

Niliandika tena bila lile neno, lakini karatasi yenyewe ilibaki na nafasi mbili tu: mwenye wimbo, au mrithi. Alilitambua hilo kabla sijafungua mdomo kulieleza. Akinisainia pale kwenye urithi, akasema, atakuwa amezika kwa mkono wake kile ambacho wakwe zake walishindwa kukizika na mgomba wao. Nilitegemea anifukuze. Badala yake akaomba aone kwanza hao watu wanataka kumfanyia nini mtoto.

Nyimbo nilikuwa nimezituma kwa kaseti hata kabla ya ruhusa, na nakala ya majaribio ilikuwa imeshafika ukumbini. Tulikwenda asubuhi, yeye mbele, mimi nyuma nikibeba mfuko wake. Wimbo ule ni wa kuita na kuitikia: binti anaita, wenzake wanajibu. Watengenezaji walikuwa wamepanga mishale kwenye majibu. Binti akishaita, ukikanyaga sawasawa, waitikiaji wanasikika. Ukikosea, kimya. Ukikosea sana, wimbo unakatika.

Akavua ndala, akakaza kanga, akapanda mkekani.

Sauti ikatoka, safi kuliko ilivyowahi kutoka kwenye kaseti yangu, kana kwamba mwenyewe yuko nyuma ya televisheni. Ikaita. Mama akakanyaga, akachelewa. Kimya. Ikaita tena, naye akakanyaga kwa nguvu, mshale usio wenyewe. Kimya. Vijana waliokuwa wanangoja zamu walianza kucheka. Wimbo ukakatika katikati ya neno, kioo kikawa chekundu.

"Mbona amenyamaza?"

Nikamweleza kwamba ndivyo mchezo ulivyo, ukishindwa unakatika.

"Muweke tena."

Tukamuweka tena, na tena. Vijana waliacha kucheka, mmoja wao akaenda kusimama nje. Ubeti wa mwisho wa wimbo ule binti anasema amefika, afunguliwe mlango. Mama hakuufikia hata mara moja. Aliposhuka, alivaa ndala akiwa ameushika ukuta.

Njiani alinipa sharti lake: atasaini, mrithi au vyovyote watakavyomwita, endapo wimbo hautakatika hata mtu akikosea. Mtoto wake asinyamazishwe kwa miguu ya watu. Nikaliandika kwa Kiingereza changu chote. Jibu lilikuja fupi na la adabu: haiwezekani, mchezo bila kushindwa si mchezo.

Mfanyabiashara akaniona nimenywea. Akashauri nisaini mwenyewe kama ndugu, maana ng'ambo huko nani atajua, na jirani si ndugu? Wimbo ulikuwa mzuri kuliko zote nilizochagua, na sitasema kwamba sikuitazama ile kalamu. Lakini wino wangu ulikuwa umeshafanya ya kutosha katika nyumba ile. Nyimbo nyingine zikatumwa. Huo ukabaki.

Ulibaki kwangu, hasa. Tangu siku ile siwezi kuusikia kama watu wengine wanavyousikia. Kwenye kaseti waitikiaji wanajibu vizuri, hakuna aliyekosea, lakini mimi binti akiita nangoja kimya. Mguu wangu unakanyaga wenyewe chini ya meza. Wakati mwingine natazama mlango.

Niliendelea kuupiga, ila kwa sauti ya chini kabisa, spika ikiwa imeelekezwa ukutani, mama asisikie. Nilijiona mtu mwenye huruma. Mchana mmoja upepo wa ziwani ulikuwa unavuma kuelekea kwake, na wimbo ukafika ubeti wa mwisho, pale anapoomba mlango. Nikaupunguza zaidi. Upande wa pili wa minyaa mchele uliokuwa unapepetwa ukanyamaza, na mama akasema, wala si kwa ukali:

"Ongeza sauti wewe. Kama yuko hai ataifuata, na kama amekufa haitamsumbua."