Niliwaambia Saa ya Mume Wangu ni Orijino, Wakala Ng'ombe Wetu Wawili

Kosa ni langu. Naanza hapo kabla hamjaanza kunitetea, maana nawajua nyinyi wasomaji. Mkisikia mwanamke analia, mnatafuta mwanaume wa kulaumu. Safari hii hayuko. Niliyeolewa naye ni mtu mzuri, na hilo ndilo linaniuma.

Nitamwita Baba Atieno, ingawa mtoto wetu haitwi Atieno. Ni fundi wa trekta za kubeba miwa hapa Awendo. Jumapili huwa anaenda Sori kutengeneza injini za boti. Jioni akishanawa grisi anakaa mlangoni na simu, anasoma huu huu ukurasa wenu wa maungamo, anacheka peke yake. "Min Atieno, njoo usikie mjinga wa leo!" ananiita, Min ndiyo Mama kwetu. Yawa! Sikujua zamu yangu inakuja.

Mimi nauza mitumba ya watoto sokoni. Sitaki kujisifu, lakini nitajisifu: nguo nikiishika tu, naijua. Kamera, ile ya chaguo la kwanza kwenye beli, naitambua nikiwa nimefumba macho. Kitu orijino ni kizito na mshono wake umetulia. Mteja akiniuliza lebo namfokea, "Utavaa lebo au utavaa nguo?" Hiyo ndiyo digrii yangu, na ndiyo iliyonimaliza.

Siku moja nilikuwa natafuta bisibisi kwenye sanduku lake la spana. Chini kabisa, ndani ya kitambaa safi, nikakuta saa.

Wueh! Saa ya chuma, uso wa bluu, na pete pembeni inayozunguka ikilia tik-tik-tik. Nikaipima mkononi. Nzito! Nikapitisha kidole kwenye mkanda, sikuona pa kukwaruza. Moyo ukaniambia, mama, hii ni kamera.

Nikaipiga picha nikauliza simu. Simu ikaniletea saa inayofanana nayo kabisa, na kwa bei yake ningenunua shamba, nikajenga nyumba, na chenji ikabaki. Ni kweli jina lililoandikwa usoni halikuwa lile la kwenye simu. Niliona. Lakini si mnajua msimamo wangu juu ya lebo?

Jioni nilimwekea mezani kando ya ugali.

"Hii ni nini?"

Akaona haya kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. "Ni saa."

"Naona ni saa, mimi si kipofu! Imetoka wapi?"

"Niliagiza kwa simu, ikaja na gari mpaka Migori. Ni ya bei ndogo, Min Atieno. Imetengenezwa ifanane na zile za matajiri, lakini si feki. Feki ingeiba jina. Hii ina jina lake yenyewe, soma hapa."

Halafu akaigeuza. Mgongoni ina kioo, na ndani vigurudumu vinacheza. Uso wake ukafunguka! Sijamwona hivyo tangu mtoto azaliwe.

"Haina betri," akasema. "Ukitembeza mkono, hiki kibati kinazunguka, kinakaza springi. Mkono wako ndio stima yake. Mkanda unanyofoa nywele kidogo, na inakimbia dakika moja kila siku, lakini hiyo narekebisha asubuhi redio ikisoma habari. Kwa kile nilichotoa, nimepata zaidi."

"Na mbona uliificha?"

"Nilijua utasema, mtu wa grisi, saa ya nini."

Ni kweli. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo mdomoni. Nikayameza, nikatoa mabaya zaidi. "Ni nani huko Sori amekununulia?"

Akavuta sahani, akaendelea kula.

Unajua kwa nini sikumwamini? Baba Atieno maneno yake ya siku nzima hayajazi kijiko. Siku hiyo aliongea mpaka ugali ukapoa. Nikasema moyoni, mwanaume akieleza kiasi hiki, alifanya mazoezi. Kumbe masikini alikuwa amefurahi tu! Alikuwa amepata mtu wa kumwonyesha.

Kesho yake nikampigia dada yangu mkubwa. Nilimwambia yeye mmoja tu, naapa. Dada anaishi nyumbani kwetu upande wa Homa Bay, na ukimwambia yeye, redio ya nini? Nilianza nikilia: mume wangu ana pesa anazificha, ananunua saa ya bei ya shamba na mimi nalala kwa godoro lenye bonde katikati.

"Shamba?" dada akauliza.

"Shamba na nyumba juu yake!"

Lakini jameni, utamu ukaingia. Kabla ya mwezi kuisha watu wa kwetu walikuwa wananisalimia kwa heshima mpya. Binamu ambao hawakuwahi kuniuliza hali wakawa wanauliza hali ya mzee wangu na kazi yake. Kwenye chama cha wanawake nikapewa kiti chenye mgongo. Habari za mwanamke wa Sori nikaacha kuziuliza, maana utajiri ulikuwa mtamu kuliko hasira. Sikuwa na utajiri. Nilikuwa na kidevu juu.

Kisha baba yangu akafa.

Kwetu mkwe haji matangani mikono mitupu. Anakuja na ng'ombe, anasindikizwa na watu wake, na kijiji kizima kinasimama kuhesabu pembe. Mkwe mmoja, ng'ombe mmoja. Hakuna anayelalamika.

Dada akanipigia. "Wanaume wamekaa kikao. Wanauliza, huyu mkwe wa saa anaweza wawili? Niwaambie nini?"

Sikilizeni vizuri sasa, maana hapa ndipo penyewe.

Tulikuwa na ng'ombe wawili tu, wa kulima. Baba Atieno aliwapa majina Chairman na Katibu, kwa sababu alisema bila hao wawili hakuna mkutano. Walilima shamba letu, wakalima ya majirani, na chakula chetu cha mwaka kilitoka nyuma ya mikia yao. Hayo nilikuwa nayajua kuliko mtu yeyote. Ningesema, "Dada, hapana, nilidanganya." Maneno matatu!

Lakini nilikuwa nalilia baba, na nilikuwa nawaona dada zangu wengine na waume zao wenye suti, na mimi na wangu wa grisi. Nikataka mara moja tu, hata kama ni kwenye msiba, sisi ndio tutajwe.

"Anaweza," nikasema. "Msimwonee huruma."

Jioni ile Baba Atieno alikuja na simu mkononi, akakaa. "Kaka yako amepiga. Wanataka wawili. Ni nani amewaambia naweza?"

"Sijui. Si unawajua watu wetu."

Akajikuna kichwa. "Mzee alinipa wewe nikiwa sina hata baiskeli," akasema. "Nitawapeleka."

Eh, Nyasaye, Mungu wangu! Ardhi ingenimeza hapo hapo. Haikunimeza. Nikaenda kuchuja chai.

Ng'ombe waliletwa na lori la miwa. Mwenye kipaza sauti akapiga kelele, "Mkwe wetu tajiri kutoka Awendo!" Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi binti wa marehemu nikapitishwa mbele nionekane. Baba Atieno alikuwa amevaa saa. Aliisugua kwa sabuni asubuhi, akasema ni heshima ya mzee. Watu hawakutazama ng'ombe. Walitazama mkono. Chairman aliliwa Alhamisi na Katibu akaliwa Ijumaa.

Ungedhani wametosheka. Baada ya kula, kaka yangu mkubwa akasimama mbele ya watu wote. "Ora," akasema, hivyo ndivyo mkwe na shemeji wanavyoitana kwetu, "umetuheshimu sana. Lakini hiyo saa ingebaki katika boma hili, iwe kumbukumbu ya mzee."

"Hii?" Baba Atieno akacheka kidogo. "Ora, hii ni saa ya bei ndogo. Nitakuagizia nyingine kama hii."

Wakaangua kicheko! "Ona mtu mkubwa asivyojisifu!" mmoja akasema. Mume wangu alisema ukweli mtupu mbele ya kijiji kizima, na wakamshangilia kwa unyenyekevu wake. Akageuka akanitazama mimi. Alikuwa anaomba nimsaidie neno moja, na nilijua anaomba nini.

Mimi nikatazama sufuria.

Akaivua. Chini yake kulikuwa na ngozi safi ambayo grisi haikufika.

Kumbukumbu ya mzee haikumaliza wiki. Kaka aliipeleka Migori kuiuza, akiwa amevaa koti la mazishi ili asipunjwe. Mwenye duka akamcheka mpaka akaketi. Halafu akamwonyesha meza nzima ya saa za aina hiyo, za bluu, kijani na nyeusi, zimeanikwa kama omena juani. "Saa si mbaya, ni nzuri kwa bei yake," alimwambia. "Wewe ulifikiri ni nini?"

Kikao kikaitwa. Kaka akaitupa mezani. "Tapeli! Ulitudanganya kwenye matanga ya baba yetu!"

Baba Atieno akaiokota, akaiweka sikioni kuhakikisha bado iko hai, ndipo akajibu. "Nilikuambia ni ya bei ndogo, mkacheka. Na wale ng'ombe nao walikuwa feki?"

Hata kaka akakosa pa kuweka mikono.

"Mimi nauliza kitu kimoja," mume wangu akasema. "Ni nani aliwaambia mimi ni tajiri?"

Kaka akamtazama dada. Dada akanitazama mimi. Dada akakohoa, akasema, "Ni maneno ya soko tu." Alinifichia, ni kweli. Na tangu siku hiyo watoto wake wote wanavaa kamera kutoka kwa meza yangu, na mimi ndiye ninayefunga mfuko nikisema asante.

Mvua ikaja. Majirani wakalima. Sisi tukangojea ng'ombe wa kukodi, na wa kukodi hufika kwako mwenye nao akishamaliza kwake na kwa ndugu zake wote. Tukapanda tumechelewa, tukavuna majani. Baba Atieno hakunigombeza. Angenigombeza ningepona! Alitafuta kazi Kehancha, kwa mtu mwenye trekta za kulimia wenye mashamba ya tumbaku. Asubuhi ya kuondoka aliivua saa akaiacha mezani.

"Huko kuna vumbi," akasema.

Awendo hakuna vumbi?

Siku mbili baadaye ilisimama. Nilikuwa nafagia, nikatupa jicho, nikaona mshale wake mwembamba hausogei. Nilipiga magoti, nikaitikisa kwa mikono miwili, naongea nayo peke yangu kama mwenda wazimu. Ikaanza tena. Tangu siku hiyo naivaa mimi. Ni kubwa, inateleza mpaka kwenye kiwiko nikikunja nguo. Wateja wananicheka, "Mama, hiyo ni saa au bangili?" Inaninyofoa vinywele vya mkono, kama alivyosema. Inakimbia dakika moja kila siku, kama alivyosema, na kila asubuhi naingoja redio niirekebishe. Kila kitu alichoniambia jioni ile kilikuwa kweli. Imepigwa mezani, imelowa mvua, imefuliwa nayo nguo, na bado inafanya kazi. Katika habari hii yote, kitu pekee ambacho hakikudanganya mtu ni hicho cha bei ndogo nilichokiona hakitoshi mpaka nikakiongezea bei mwenyewe.

Mwisho wa wiki anapiga simu. Anaongea na mtoto, halafu simu inanifikia. Haniulizi ninaendeleaje. Anauliza, "Saa inatembea?"

"Inatembea."

Halafu tunanyamaza wote wawili mpaka simu inakatika.

Kwa hivyo dada zangu, hata mkinitukana leo, nisikieni. Mume wako akikwambia kitu chake ni cha bei ndogo, mshukuru na umwombe akuonyeshe vigurudumu. Usiende kumtajirisha kwa watu asipokuwepo. Watu watakuja kula huo utajiri, na hawatakula maneno yako, watakula ng'ombe wake. Na siku akikutazama mbele ya watu akiomba neno moja, acha sufuria, mpe.

Ningeweza kumaliza hapo. Lakini ukurasa huu Baba Atieno haukosi, hata huko Kehancha najua anausoma akishanawa.

Basi Baba Atieno, mjinga wa leo ni mimi. Ulishanijua tangu nilipowataja Chairman na Katibu. Uliuliza mara mbili ni nani aliwaambia, na mara zote mbili nilikuwa nimesimama karibu nawe. Ni mimi niliyesema unaweza. Ukitaka kucheka, cheka. Ukitaka kunifokea, njoo unifokee hapa nyumbani.

Saa inatembea. Lakini huu mkono wangu si mkono wake.